Malipo ya Siku Moja, Maisha ya Mwaka Mzima: Ajira na Kipato cha Wapigapicha wa Filamu na Televisheni

Ninalo daftari lenye jalada gumu ambalo nimelitunza tangu mwaka wa kwanza nilipoanza kulipwa kwa kupiga picha za filamu na televisheni. Ndani yake nimeandika kila siku niliyoshika kamera, aliyeniita, kiasi tulichokubaliana, na tarehe ambayo fedha zilinifikia mkononi. Nililianzisha baada ya mtayarishaji mmoja kukana kwamba nilikuwapo kazini siku ya tatu ya upigaji, nami nikakosa hata karatasi moja ya kumwonyesha. Tangu hapo sijaacha kuandika, na vijana wanaponijia wakiuliza, "Dada, kazi hii ina ajira? Inalipa?", hulifungua daftari hilo badala ya kuwajibu kwa kumbukumbu, kwa sababu kumbukumbu ya mpigapicha hupenda kukaa na kazi nzuri na kuzisahau wiki ambazo simu haikulia.

Kinachowapotosha wengi wanaoingia katika kazi hii ni malipo ya siku. Kijana husikia kwamba mpigapicha fulani hulipwa kiasi fulani kwa siku, akakizidisha kwa siku za mwezi, kisha akaona mshahara unaowazidi walimu na wahasibu aliosoma nao. Hesabu hiyo ina kosa moja kubwa, nalo ni kudhani kwamba siku inayolipwa ndiyo siku ya kazi, na kwamba siku za namna hiyo hufuatana kama zinavyofuatana katika kalenda. Hazifuatani. Huja tatu kwa pamoja, zikapotea wiki mbili, zikarudi kumi kwa mfululizo wakati ambao mtu ameshachoka, kisha zikakatika mwezi mzima.

Tuyaite malipo ya siku moja 100, bila kutaja fedha ya nchi yoyote, ili hesabu imfae kila msomaji. Katika mwaka wangu wa kwanza daftari linaonyesha siku 41 zilizolipwa. Mwaka wa tatu zilikuwa 87. Mwaka ambao mpaka leo ninauhesabu kuwa mwema, na ambao marafiki zangu waliamini nimetajirika kwa sababu hawakunikuta nyumbani, zilikuwa siku 132. Kwa hesabu yetu mapato ya mwaka huo ni 13,200. Hata hivyo, mwaka huohuo niliandika siku nyingine 58 ambazo hakuna aliyezilipia: siku za kwenda kukagua maeneo ya kupigia picha, kujaribu lenzi, kufunga na kufungua mizigo, kusafiri, kunakili picha kutoka kwenye kadi na kuhakikisha kwamba nakala zote mbili zinafunguka, na kuketi mbele ya kompyuta nikiandika ankara na barua za kukumbushia madeni. Siku za kazi kwa hiyo zilikuwa 190, na kila moja, ukigawanya kwa haki, ilileta 69. Ukiondoa kodi, bima, matengenezo ya vifaa na kiasi kidogo nilichoweka kwa ajili ya uzee, vitu ambavyo mwaka ule vilikula theluthi moja ya mapato, kinabaki 8,800, yaani 46 kwa siku. Hiyo ndiyo 100 niliyoahidiwa, ilipokwisha kupita katika mikono yote iliyokuwa ikiingoja.

Sisemi haya kumvunja mtu moyo. Mimi mwenyewe niliishi kwa 46 hiyo, na niliishi vizuri kwa sababu niliijua. Mwenzangu mmoja aliyekuwa hodari kuliko mimi aliishi kama mtu anayepata 100 kila siku, akakopa kwa ajili ya kamera mpya, na katika mwaka wake wa nne akaiuza kamera hiyo ili alipe kodi ya nyumba. Umahiri wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba takwimu rasmi zinatosha kumwongoza mtu. Takwimu zina manufaa, lakini lazima zisomwe pamoja na maelezo yake. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ambayo namba zake hunukuliwa katika tovuti nyingi za ushauri wa ajira hata nje ya nchi hiyo, ilitaja kwa mwaka 2021 mshahara wa kati wa dola 60,360 kwa mwaka kwa kundi linalowaunganisha wahariri wa filamu na video na waendeshaji wa kamera. Mshahara wa kati maana yake ni kwamba nusu ya watu walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Makundi hayo mawili yalipotenganishwa, wahariri walionekana juu kidogo, karibu dola 62,700, na wapigapicha walishuka hadi karibu dola 49,000. Anayenukuu namba ya kwanza peke yake kwa kijana anayetaka kushika kamera amempa, bila kukusudia, mshahara wa mtu mwingine. Lipo na jambo zito zaidi: utafiti wa mishahara unaozaa namba hizo huwauliza waajiri kuhusu watu waliomo katika orodha zao za malipo, na hauwahesabu wanaojiajiri. Katika fani ambayo sehemu kubwa ya watu hufanya kazi huria, kutoka mtayarishaji mmoja hadi mwingine, namba hiyo inaeleza maisha ya waliopata meza na kitambulisho, na inanyamaza kuhusu wale ambao kijana huyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa mmoja wao.

Ajira ya kudumu ingalipo, hasa katika vituo vya televisheni, na sioni aibu kuisifu. Ina mshahara unaokuja mvua inyeshe au jua liwake, ina likizo, ina mafao, na kamera ikiharibika ni ya kituo. Dari lake ni la chini, kwa maana kwamba mpigapicha wa kituo anaweza kukaa miaka kumi bila mshahara wake kupanda kwa kiasi cha kuonekana, lakini kwa mtu mwenye watoto na wazazi wanaomtegemea, dari la chini lenye kuta nne ni nyumba. Tatizo lake ni kwamba nafasi zenyewe zimekuwa zikipungua kwa muda mrefu, na zimepungua kwa sababu zinazoeleweka.

Zamani habari za televisheni zilipigwa kwa filamu, na kundi lililotoka kwenda kwenye tukio lilikuwa na mtu wa kamera, mtu wa sauti na mara nyingi mtu wa taa. Katika miaka ya 1970 mkanda wa video ulianza kuchukua nafasi ya filamu, sauti ikaingia katika mkanda uleule wa picha, na kundi likapungua. Baadaye kamera zikawa nyepesi kiasi kwamba mwandishi wa habari aliambiwa ajipige mwenyewe. Zikaja pia mashine ndogo za kubebwa mgongoni zinazorusha picha kwa mitandao ya simu, na gari kubwa la setilaiti pamoja na watu wake likawa si la lazima tena katika matukio mengi. Ndani ya studio nako kamera zenye mota zinazoongozwa kutoka kwenye paneli moja zimeingia katika taarifa za habari. Nimefanya kazi katika studio ambayo nilipoingia ilikuwa na wapigapicha watatu kila jioni, na nilipoondoka alikuwa amebaki mmoja, ameketi nyuma ya kioo akibonyeza namba za mikao ya kamera iliyohifadhiwa. Alikuwa mtu makini na aliifanya kazi hiyo vizuri. Wawili waliopungua hawakufukuzwa kwa kosa lolote. Mikataba yao ilikwisha na haikuandikwa mingine.

Upande wa filamu na tamthilia una ngazi ambayo watu wa nje hawaijui, na kutoijua huwagharimu wanaoanza. Chini kabisa yupo mwanafunzi wa idara ya kamera, anayebeba betri na kujifunza majina ya vitu. Juu yake yupo msaidizi wa pili, anayepiga kibao cha kuanzishia kila shoti (kipande kimoja cha upigaji), kuandika kumbukumbu za kila shoti na kuweka alama ambapo waigizaji watasimama. Juu yake yupo msaidizi wa kwanza, ambaye kazi yake kubwa ni kushika fokasi, yaani kuhakikisha kwamba kinachotakiwa kuonekana waziwazi kinaonekana waziwazi wakati kamera na mwigizaji wote wawili wanatembea. Kisha yupo mwendesha kamera mwenyewe, na juu ya wote mkurugenzi wa picha, anayeamua mwanga na sura ya filamu nzima. Kila daraja lina malipo yake, na tofauti kati ya la chini na la juu ni kubwa mno. Vijana wote niliokutana nao wanataka kuwa wakurugenzi wa picha, na wengi hujitangaza kuwa hivyo baada ya kazi mbili.

Hapo nina maoni yangu, na nayasema nikijua kwamba yapo yanayopingana nayo. Kwa mtu anayetaka kula kwa kazi hii, daraja la msaidizi wa kwanza lina usalama kuliko mengine yote. Mkurugenzi wa picha huchaguliwa kwa ladha ya mwongozaji, na ladha hubadilika. Mwendesha kamera ndiye wa kwanza kufutwa bajeti inapobana, kwa kuwa mkurugenzi wa picha anaweza kuishika kamera yeye mwenyewe. Mshika fokasi hafutwi kirahisi, kwa sababu picha isiyo na fokasi haiokolewi na mhariri yeyote, na kila mtayarishaji aliyewahi kurudia siku nzima ya upigaji kwa sababu ya macho ya mwigizaji yaliyofifia analijua hilo hadi kwenye mifupa. Daftari langu linaonyesha kwamba miaka yangu yenye siku nyingi ni ile niliyokubali kuitwa msaidizi wa kwanza huku jina la mkurugenzi wa picha likiwa limeshanionjesha utamu wake. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikapanda tena, na kila mara niliposhuka nililala nikiwa nimelipwa.

Suala la vifaa nitalipitia upesi, ingawa ndilo linalozungumzwa zaidi popote wapigapicha wanapokutana. Kamera ya RED One ilipoingia sokoni mwaka 2007, na Canon 5D Mark II mwaka uliofuata, picha ambazo awali zilihitaji kamera za kukodi kwa fedha nyingi zikawa ndani ya uwezo wa mtu mmoja mwenye akiba. Mlango ulifunguka kwa wengi, mimi nikiwa mmojawapo, na nisingekuwa katika kazi hii bila mlango huo. Lakini umiliki ulipoenea, watayarishaji walianza kuuliza swali jipya: "Unakuja na kamera yako?" Wakazoea kwamba malipo ya siku yanajumuisha mtu, kamera, lenzi, taa na gari. Mpigapicha anayekubali hivyo anatoa vifaa vyake bure, na vifaa huchakaa, huibwa na hupitwa na wakati kwa miaka michache tu. Katika ankara zangu jasho langu lina mstari wake na vifaa vina mstari wake, na mteja akitaka punguzo ninajua ninapunguza upande gani. Wapo waliokataa kunipa kazi kwa sababu ya mstari huo wa pili. Nimewaacha waende.

Kuhusu kuchelewa kwa malipo ninaweza kuandika daftari jingine zima. Safu ya mwisho katika kila ukurasa wangu ni idadi ya siku kati ya kumaliza kazi na kupokea fedha, na nikipitia miaka yote naona kwamba ni nadra kukuta chini ya siku 30, kwamba 60 ni jambo la kawaida, na kwamba 90 haishangazi. Kampuni moja, ambayo nilikuwa nimeipigia tangazo la siku mbili, ilinilipa baada ya miezi saba. Katika miezi hiyo tangazo lilionyeshwa, liliondolewa, na mteja wao alishatoa jingine. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba mhasibu yuko likizo, kisha kwamba mteja hajawalipa, kisha kwamba ankara yangu haina namba ya agizo la ununuzi, jambo ambalo hakuna aliyenitajia siku ya kwanza. Hasira yangu wakati ule haikunisaidia chochote. Kilichonisaidia baadaye ni kubadilisha mambo matatu katika makubaliano: sehemu ya malipo hutolewa kabla sijafunga mizigo, tarehe ya kulipa salio huandikwa kama tarehe halisi ya kalenda, na haki ya kutumia picha hutoka mikononi mwangu kwenda kwa mteja pale tu fedha zinapokamilika. Sharti hilo la tatu limefupisha safu yangu ya mwisho kuliko barua zote za kukumbushia nilizowahi kuandika.

Lipo na sharti la nne, ambalo nilijifunza kwa maumivu. Mtayarishaji mmoja alinishikia wiki nne za tamthilia, akaniomba nisizipangie kitu kingine, nami nikakataa kazi mbili kwa ajili yake. Usiku wa pili kabla ya kuanza alinipigia simu akasema upigaji umeahirishwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Kazi mbili nilizozikataa zilikuwa tayari na watu wengine. Katika mwezi ule daftari lina ukurasa mweupe ambao sikuugusa kwa kalamu, na ninauacha hivyo ulivyo. Tangu hapo makubaliano yangu yana fidia ya kufutwa kwa kazi: siku ikifutwa chini ya saa 48 kabla, ninalipwa nusu, ikifutwa siku yenyewe, ninalipwa yote. Watayarishaji waadilifu hawajawahi kulipinga sharti hilo, kwa sababu wao wenyewe huwalipa wenye kumbi na wenye mitambo kwa utaratibu huohuo.

Saa za kazi nazo ni sehemu ya malipo, ingawa wengi huzihesabu kama suala la afya peke yake. Malipo ya 100 kwa saa 10 ni 10 kwa saa. Malipo hayohayo kwa saa 16 ni 6 na robo. Mtayarishaji anayeongeza saa sita bila kuongeza fedha amepunguza malipo yako kwa zaidi ya theluthi, na amefanya hivyo mbele ya macho yako, mara nyingi akikushukuru kwa moyo wako wa kujitolea. Ndiyo maana kiasi cha fedha hakina maana mpaka kitajwe pamoja na idadi ya saa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu muda wa kazi inataka mfanyakazi apate angalau saa 11 mfululizo za mapumziko katika kila saa 24, na wapigapicha wa huko wanaizungumzia sheria hiyo kama watu wanaozungumzia dari la nyumba yao.

Uzito wa jambo hili hauishii katika fedha. Machi 1997 Brent Hershman, msaidizi wa pili wa kamera nchini Marekani, alisinzia akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19, akafariki katika ajali. Wapigapicha wenzake walidai baada ya hapo kwamba siku ya kazi isivuke saa 14, na madai hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Oktoba 2021 wanachama wa chama cha IATSE, kinachowajumuisha wafanyakazi wa nyuma ya kamera wa Marekani na Kanada, walipiga kura kuwaruhusu viongozi wao kuitisha mgomo, na zaidi ya asilimia 98 ya kura zilikubali. Muda wa mapumziko ulikuwa miongoni mwa madai makubwa, na makubaliano yalifikiwa kabla mgomo haujaanza. Mimi nimewahi kusimamisha gari pembeni mwa barabara saa kumi alfajiri na kulala humo hadi jua lilipochomoza, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuona mistari ya barabara ikipishana. Niliandika katika daftari: saa 18, malipo ya siku moja. Sikukubali tena kazi ya mtayarishaji yule.

Anayeuliza kuhusu matarajio ya ajira anapaswa pia kuelewa jinsi kazi hii inavyotegemea maamuzi yanayofanywa mbali naye. Mwaka 2022 idadi ya tamthilia na vichekesho vya televisheni vilivyoandikwa na kuonyeshwa Marekani ilifika 599, kwa hesabu ya kituo cha televisheni cha FX, kiwango cha juu ambacho hakijawahi kuonekana, na kilichochewa na kampuni za kurusha filamu kwa intaneti zilizokuwa zikigombania watazamaji. Watu wengi waliingia katika idara za kamera katika miaka hiyo wakiamini kwamba mto utaendelea kujaa. Mei 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kwa siku 148, na Julai waigizaji nao wakaanza mgomo uliodumu siku 118. Wapigapicha hawakuwa wamegoma, hawakuwa na madai mezani, na bado walikaa nyumbani kwa sababu pasipo maandishi na pasipo mwigizaji hakuna cha kupiga. Migomo ilipokwisha, kazi haikurudi kwa kiwango kile, kwa kuwa kampuni zilikuwa zimeamua kupunguza idadi ya vipindi. Hata walio nje ya Marekani walioguswa ni wengi, kwani filamu za kampuni hizo hupigwa katika nchi nyingi.

Ninaitazama Ufaransa kwa wivu wa heri katika jambo hili. Huko mafundi wa filamu na maonyesho wana utaratibu maalumu wa bima ya kukosa kazi: fundi anayefikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 hupata haki ya kulipwa fidia katika siku zisizo na kazi. Utaratibu huo umepigiwa kelele na kurekebishwa mara nyingi, na una gharama yake kwa mfuko wa umma, lakini umejengwa juu ya ukweli ambao kila daftari la mpigapicha linaushuhudia, yaani kwamba kukatika kwa kazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Mahali ambapo serikali haijaweka mfuko wa namna hiyo, mpigapicha anapaswa kujiwekea. Mimi huweka sehemu ya tano ya kila malipo katika akaunti ambayo siigusi mpaka ipite mwezi bila siku hata moja, na akaunti hiyo ndiyo iliyonifanya niweze kukataa kazi mbaya.

Akili bandia sasa inaulizwa katika kila mazungumzo, hasa tangu Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilipoonyesha programu ya Sora inayotengeneza video kutokana na maneno. Maoni yangu ni kwamba zitakazopotea kwanza ni picha za kujazia: mawimbi ya bahari, mji wakati wa machweo, mikono inayochapa kwenye kompyuta, bidhaa inayozunguka juu ya meza nyeupe. Picha hizo zimewalisha wapigapicha wengi wanaoanza, na kupotea kwake kutawaumiza hao kuliko waliokwisha kukomaa, jambo linalonisikitisha kwa sababu humo ndimo nilimojifunza mwanga. Upande mwingine kuna picha ambazo thamani yake yote ni kwamba zilitokea. Mchezo wa fainali, kikao cha bunge, ushahidi wa mtu aliyenusurika, upasuaji unaorekodiwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, arusi, mkutano wa wanahisa, mnyama adimu kwenye maji: anayevitazama hivyo anataka kujua kwamba mtu alikuwapo na kamera. Katika michezo ya mubashara hasa, mpigapicha anayeufahamu mchezo kiasi cha kujua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa bado anatafutwa, na ukienda kwenye gari la matangazo siku ya mchezo mkubwa utakuta majina yaleyale kwenye ratiba mwaka baada ya mwaka. Hao ndio wapigapicha wa kazi huria ninaowajua wenye kalenda iliyojaa kwa uhakika zaidi. Wanaoendesha droni kwa leseni na wanaopiga picha chini ya maji nao wana soko, ingawa ni dogo na linajazwa haraka na wenye mafunzo mafupi, hivyo bei zake hushuka.

Ni lazima nigusie pia nani hupigiwa simu, kwa maana ajira nyingi katika fani hii hazitangazwi. Mkurugenzi wa picha huwaita aliowazoea, nao huwaita waliowazoea. Tuzo za Oscar zimetolewa tangu mwaka 1929, na mwanamke wa kwanza kuteuliwa kuwania tuzo ya upigaji picha, Rachel Morrison, aliteuliwa mwaka 2018. Muda huo mrefu haukutokana na ukosefu wa wanawake wenye macho. Ulitokana na mnyororo wa simu. Mimi nimeulizwa mara nyingi kama nitaweza kuibeba kamera begani, na swali hilo limetoka kwa watu ambao walikuwa wameniona nikiibeba asubuhi. Siku hizi ninapopewa nafasi ya kuchagua msaidizi, mara moja katika kila kazi tatu ninamwita mtu ambaye hajawahi kuitwa na yeyote ninayemjua, na malipo yake huyaandika mimi mwenyewe katika makubaliano kabla mtayarishaji hajapata muda wa kumwambia kwamba anakuja kujifunza.

Wiki iliyopita mmoja wa wasaidizi hao aliniletea daftari lake jipya nimwonyeshe jinsi ya kuchora safu. Tulichora tano: tarehe, aliyemwita, kiasi, saa alizofanya, na siku ambazo malipo yalichukua kufika. Aliniuliza safu ya siku zisizolipwa iko wapi, nikagundua kwamba yangu huwa naiandika kwa penseli pembeni, tangu zamani, kana kwamba si ya kudumu. Tukaichora ya sita, kwa wino, katika daftari lake na katika langu. Ukurasa wangu wa mwaka huu mpaka leo una siku 61 zilizolipwa, 27 katika safu hiyo mpya, na ankara tatu ambazo malipo yake bado hayajafika.